Binti Zetu na Chumba cha Eksirei

Picha ya matiti haipigwi kwa mbali. Mtaalamu hulishika titi kwa mkono, akalilaza juu ya bamba, akalibana kwa bamba la pili, kisha akaugeuza mwili wa mgonjwa mpaka picha ikae sawa. Tunawajua kina mama ambao, walipoambiwa kwamba atakayewahudumia ni mwanamume, waliaga na kurudi nyumbani bila kipimo. Dharura ina hukumu yake, na haya isimwangamize mtu. Lakini stara nayo ni haki ya mgonjwa, na haitapatikana kwa kunung'unika mlangoni huku tukiwazuia binti zetu kuisomea kazi yenyewe.

Daktari wa radiolojia ndiye aisomaye picha na kuandika ripoti. Anayeipiga ni mtaalamu wa radiografia, naye ndiye anayekaa na mgonjwa: kwenye eksirei, sitii skani, MRI, na kile kipimo cha mirija ya uzazi ambacho mke anayetafuta mtoto hukiogopa kuliko vyote. (Picha ya kwanza iliyopata umaarufu, mwaka 1895, ilikuwa ya mkono wa mke wa Wilhelm Röntgen, pete ingali kidoleni.)

Mwenye kutoka katikati ya jiji la Nairobi na kupanda kuelekea Upper Hill huifikia Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, iliyoanzishwa mwaka 1901. Jirani yake ni chuo cha KMTC, kinachosomesha upigaji picha za matibabu kwa stashahada. Mbele zaidi upande wa magharibi, Kilimani na Hurlingham, kuna hospitali nyingine zenye mashine hizo. Atakaye shahada huipata katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, JKUAT, ambacho makao yake ni Juja, nje ya jiji. Husomeshwa maumbile ya mwili, fizikia ya mionzi, kujikinga nayo na kumhudumia mgonjwa, kisha hupelekwa hospitalini kujifunza kwa mikono.

Kuingia chuo kikuu hutakiwa angalau C+ ya jumla, stashahada, C. Lakini mlango wenyewe ni fizikia. Binti aliyeliacha somo hilo mwisho wa Kidato cha Pili ameshaifunga njia hii, na mara nyingi hapakuwa na mtu nyumbani wa kumwambia. Kwa walio katika mtaala mpya, uamuzi huo huja Gredi ya 9, wanapochagua mkondo.

Kuna neno linalosemwa katika mabaraza ya kina mama: kwamba mionzi humfanya msichana tasa, na nani atamwoa? Tulijibu waziwazi. Mfanyakazi huvaa beji inayopima mionzi iliyomfikia, na wakati wa kupiga picha husimama nyuma ya ukuta wenye risasi. Kiwango cha juu kinachokubalika kimataifa ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka. Akishika mimba na kuarifu, mtoto aliye tumboni huhesabiwa milisiveti 1 tu kwa muda uliobaki, pungufu ya nusu ya ile ambayo binadamu kwa wastani huipata kwa mwaka kutokana na ardhi, anga na chakula. Nchini Kenya usimamizi wa mambo haya umewekwa chini ya sheria ya mwaka 2019. Altrasaundi, nayo, hutumia sauti, na MRI hutumia sumaku. Huko kwenye sumaku kinachozuiliwa ni pini za mtandio, si mtandio.

Lililo zito zaidi, kwa maoni yetu, ni zamu za usiku na mahali pa kulala. Mzazi asimtume binti kwa simu pekee. Apande gari moshi naye, akague bweni, aulize nani humsindikiza mwanafunzi anayetoka wadini saa nne za usiku, na ajue ni matatu gani itamfikisha Msikiti wa Jamia siku ya Ijumaa.