Kuchagua Stadi za Kuonyesha katika Wasifu wa Mwalimu

Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi mwanachuo anayejiandaa kufundisha shule ya msingi awezavyo kuchagua stadi za kuandika katika wasifu wake wa kazi. Mifano yetu tumeitoa katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, lakini njia tunayoieleza yaweza kutumika popote mwalimu atakapopangiwa.

Wasifu wa kazi ni maelezo mafupi ya elimu, uzoefu na uwezo wa mtu. Zamani maelezo hayo yalikaa zaidi katika majalada ya ofisi. Siku hizi huandikwa pia katika mitandao ya wanataaluma. Unaojulikana zaidi ni LinkedIn, ulioanza mwaka 2003. Humo mtu huorodhesha stadi zake, na tangu mwaka 2012 watu wanaomfahamu wameweza kuzithibitisha kwa kubonyeza tu. Serikali haiajiri walimu kwa njia hiyo. Katika miaka ya karibuni waombaji wamejaza taarifa zao katika mfumo wa Sekretarieti ya Ajira na kisha kufanyiwa usaili. Hata hivyo, swali ni lile lile kote, nalo ni hili: mwalimu huyu aweza kufanya nini? Asiyewahi kujiuliza swali hilo kabla ya kuulizwa na wengine hujibu kwa kubabaika.

Wahenga walisema kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wapo wanachuo wanaoishika methali hiyo kwa nguvu, wakaandika jina, chuo na cheti tu. Wapo na wengine wanaojaza stadi thelathini, kuanzia uongozi hadi ubunifu, wakidhani kuwa wingi ndio uzito. Wa kwanza amejificha. Wa pili amejifunika kwa maneno. Msomaji wa wasifu hana wakati wa kumtafuta yeyote kati yao.

Maana ya stadi

Kabla ya kuchagua, hapana budi tutenganishe mambo matatu yanayochanganywa mara nyingi. Maarifa ni yale tunayoyajua, kama vile hatua za ukuaji wa mtoto. Tabia ni jinsi tulivyo, kama vile uvumilivu na bidii. Stadi ni tendo tunaloweza kulifanya vizuri, tukalirudia, na mtu mwingine akaliona. "Ninapenda watoto" si stadi. "Kumfundisha mtoto wa Darasa la Kwanza kuunganisha sauti na herufi" ni stadi, kwa sababu mkufunzi aweza kukaa nyuma ya darasa akaona kama tendo hilo linafanyika au halifanyiki.

Kwa hiyo kila neno tunalotaka kuliandika tulipime kwa maswali matatu. Je, tunaweza kulitenda kesho asubuhi mbele ya darasa? Je, tunao ushahidi kwamba tumekwisha kulitenda? Je, lina manufaa kwa watoto wa mahali tunapoomba kazi? Likishindwa katika swali la kwanza au la pili, lifutwe. Likishindwa katika la tatu tu, lishushwe chini ya orodha.

Kuanza na mahitaji ya mahali

Swali la tatu ndilo linalosahauliwa zaidi. Tuitazame Ngara. Wilaya hii inapakana na Rwanda na Burundi, na lugha za nyumbani, Kihangaza na Kishubi, zina undugu wa karibu na Kirundi na Kinyarwanda. Lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali ni Kiswahili. Basi mtoto wa kijijini aweza kuingia Darasa la Kwanza akiwa na maneno mengi kichwani, lakini machache yakiwa ya Kiswahili. Mwalimu anayejua kumvusha mtoto huyo, kwa picha, vitendo, nyimbo na maelezo mafupi katika lugha anayoielewa, ana stadi yenye thamani kubwa. Mara nyingi mwanachuo aliyekulia huko haiandiki, kwa kuwa anaiona ni jambo la nyumbani.

Biharamulo nayo ina mahitaji yake. Huko kuna wenyeji Wasubi na Wazinza, na Wasukuma wengi waliohamia kwa kilimo na ufugaji; kuna uchimbaji wa dhahabu; na Nyakanazi ni njia panda ya magari ya Kahama, Kigoma, Rusumo na Biharamulo mjini. Mahali ambapo wazazi huhama kufuata riziki, mtoto aweza kufika katikati ya muhula akiwa amekosa masomo ya wiki nyingi. Kumpima mtoto mgeni, kujua amefikia wapi katika Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, kisha kumpangia mazoezi ya kumwezesha kuwafikia wenzake, hiyo ni stadi ya kuwekwa juu kabisa.

Tangu ada za shule za msingi zilipofutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, madarasa makubwa yamekuwa jambo la kawaida katika shule nyingi. Kwa hiyo yafaa mwanachuo ajiulize pia: je, ninajua kugawa watoto katika makundi, kuwatumia viongozi wa makundi, na kusahihisha kazi nyingi bila kuacha madaftari yakae wiki nzima?

Kuandika stadi kwa maneno ya kazi

Stadi chache zilizochaguliwa vizuri zinatosha. Sisi tunapendekeza tano. Ile inayohitajika zaidi itangulie, maana katika mitandao hiyo msomaji huona stadi chache za mwanzo, na nyingine huziona akitaka kufungua zaidi. Maneno nayo yawe ya kazi. Tulinganishe mifano hii.

Badala ya "ubunifu", tuandike: "Kutengeneza zana za kuhesabia kwa vizibo vya soda, mbegu na vijiti."

Badala ya "mawasiliano mazuri", tuandike: "Kuendesha kikao cha wazazi kuhusu mahudhurio ya watoto."

Badala ya "mtaalamu wa Sayansi", tuandike: "Kufundisha Sayansi kwa kutumia mazingira." Mwalimu wa Ngara aweza kuongeza mfano wa somo la nishati alilolijenga juu ya maporomoko ya Rusumo, yenye mtambo wa megawati 80 unaozipatia umeme Tanzania, Rwanda na Burundi.

Ushahidi wa stadi

Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, wakafika Ngara. Shule zilipoanzishwa katika kambi ya Benaco na nyinginezo, walimu walitafutwa miongoni mwa wakimbizi wenyewe. Mtu anayekimbia kuokoa maisha si lazima awe amekumbuka kuchukua cheti. Hali kama hiyo yatufundisha kwamba cheti hueleza stadi, lakini stadi yenyewe imo katika tendo, nayo hujulikana mwalimu anaposimama mbele ya watoto.

Mwanachuo wa leo hana sababu ya kukosa ushahidi. Anayo maandalio ya masomo yaliyosahihishwa, maoni ya mkufunzi wakati wa mazoezi ya kufundisha, zana alizozitengeneza, na alama za watoto kabla na baada ya mazoezi ya ziada. Hivi vihifadhiwe tangu mwaka wa kwanza. Uthibitisho wa marafiki mtandaoni una uzito mdogo, kwa sababu wanaweza kubonyeza bila kuingia darasani kwetu hata mara moja. Maneno mawili ya mwalimu mkuu aliyetuona tukifundisha yanashinda mibonyezo hamsini.

Hapa tutoe tahadhari. Picha za watoto darasani si mapambo ya wasifu wetu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa za kila mtu, na taarifa za watoto zinahitaji uangalifu wa pekee. Tuonyeshe zana na andalio la somo. Sura na majina ya watoto yabaki shuleni.

Gharama ya stadi isiyokuwapo

Huenda mwanachuo akauliza: kuna ubaya gani kuongeza stadi moja nisiyokuwa nayo, mradi nipate kazi? Tufikiri juu ya mwalimu aliyeandika kuwa anajua Lugha ya Alama, kumbe alihudhuria mhadhara mmoja tu. Akipewa darasa lenye mtoto kiziwi, mwalimu atapokea mshahara kila mwezi, na mtoto atakaa mbele ya midomo inayochezacheza mwaka mzima. Mwalimu akigundulika ataona haya kwa muda. Mtoto hatarudishiwa mwaka wake. Pia mwalimu aliyejificha, ambaye angeweza kumsaidia mtoto yule lakini hakuiandika stadi yake, huenda amepelekwa mahali pengine. Kuchagua stadi kwa ukweli ni sehemu ya kazi ya kumlinda mtoto.

Mazoezi

1. Andika stadi kumi unazodhani unazo. Zipime kwa maswali matatu tuliyoyaeleza, kisha bakiza tano.

2. Kwa kila stadi iliyobaki, taja ushahidi mmoja ambao mwenzako aweza kuuona leo.

3. Chagua kata moja unayoifahamu. Eleza lugha za nyumbani za watoto wake na shughuli za wazazi wao, kisha panga upya stadi zako tano kwa ajili ya shule ya kata hiyo.