Namba za mvua zinapita njia gani mpaka kuwa shauri la kupanda?

Wakulima wenzetu wa koperative, wengi wenu mnatuuliza: ile minara na vile vipimio vinavyowekwa porini, vinatusaidia nini sisi wa shambani? Swali ni la haki. Kipimio peke yake hakimsaidii mtu. Kinachosaidia ni njia ambayo namba zake zinapita mpaka zinakuwa shauri.

Tuchukue Yangambi, kule Tshopo, karibu kilometa 100 toka Kisangani. Tangu 2020 mnara wa CongoFlux unasimama pale, metre 55, kupita miti yote. Wanaoufuata ni INERA pamoja na Chuo Kikuu cha Ghent cha Ubelgiji. Unapima hewa ya kaboni na mvuke wa maji: pori linavuta kiasi gani, linatoa kiasi gani. Vyombo vya namna hiyo vinapima mara 10 kwa sekunde, hata zaidi. Fanya hesabu: kipimo kimoja tu kinaleta namba 864 000 kwa siku. Nani ataandika hiyo yote mu kaye?

Tena haziji safi. Mvua ikilowesha chombo, kinasema uongo. Usiku upepo ukitulia, hewa inabaki chini ya miti na mnara hauioni. Batri ikichoka, namba zinakatika.

Wenye stasheni ya kuosha kahawa wataelewa upesi. Kahawa mbivu inafika kila jioni na haingojei. Mmoja anapima kilo, mwingine anaitia majini ili zinazoelea zitolewe, halafu mashini ya kumenya, kuchachusha, kuosha, kuanika. Kila mtu na kazi yake, na kiongozi anasema nani anaanza saa ngapi. Kwa ordinatere iko programu inayofanya vile vile na namba. Moja inaitwa Kepler, ya watafiti wa vyuo vikuu vya California, Marekani. Mtafiti anachora visanduku: kimoja kinapokea, kingine kinatoa namba mbovu, kingine kinajumlisha, na "mkurugenzi" anapanga zamu.

Kazi ngumu ilikuwa kuifunga programu na vipimio vinavyotuma bila kupumzika, si na data iliyolala ghalani tu. Mradi wa REAP uliishika kazi hiyo. Mfano wake mmoja ulikuwa virusi vinavyofanya shayiri na majani ya malisho kuwa manjano na kudumaa, vikibebwa na vidukari. Sisi wenye mozaiki ya mihogo na nzi weupe wake, hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Kitu kimoja mu Kepler tunakipenda kuliko mnara wenyewe: inatunza kumbukumbu ya kila hatua. Shauri likiharibika, unarudi nyuma na kuona kosa lilianzia wapi. Anayekuambia "panda kesho" bila kuweza kukuonyesha njia yake, muulize mara mbili. Mbegu ni yako.

Tuseme koperative imekubaliana: tunapanda mvua ikifika milimita 20 ndani ya siku 3. Kipimio cha mashini kina kijiko kidogo kinachopinduka kila kikijaa, na kila mpinduko unahesabiwa. Jani moja likiziba mdomo wake, kijiko hakipinduki, na namba inayotumwa ni 0. Programu nzuri inalinganisha na majirani: wawili wana milimita 18, huyu ana 0, basi namba yake iwekwe pembeni mpaka mtu aende kuangalia. Milimita 1 ni lita 10 000 kwa hektari moja. Kukosea 18 si mchezo.

Koperative yenye kipimio cha plastiki na telefone iko na njia hiyo hiyo, fupi tu. Msomeni kila asubuhi, saa ile ile. 0 maana yake: tulienda, tukakuta kikavu. Kama hakuna aliyeenda, andikeni kistari, kamwe si 0, juu ya kistari kinajulikana ni pengo, lakini 0 ya uongo inaingia kwa jumla na hakuna atakayeiona tena. Maji ya siku mbili yakisomwa pamoja, andikeni "siku 2". Mkikuta jani au utando wa buibui ndani, andikeni na hilo kwanza, ndipo msafishe.