Nakshi za Tairi na Mteremko wa Nithi

Sisi watu wa pwani nakshi tunaijua. Tumekulia penye milango ya kuchongwa, tukalala juu ya mikeka ya ukindu wa rangi, na jicho letu halikawii kulipima pambo. Hata hivyo ipo nakshi moja tunayoipita kila siku bila kuitazama, nayo ni ile iliyochorwa usoni mwa tairi.

Familia nyingi za Mombasa zina jamaa au biashara Embu na Meru. Ukishaipita Embu, barabara huzunguka miguu ya mashariki ya Mlima Kenya kupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu, nchi ya vilima, mito na mvua nzito. Mbele ya Chuka lipo Daraja la Nithi, na mteremko wake tunaujua kwa msiba: tarehe 24 Julai 2022 basi lililotoka Meru kuja Mombasa lilitumbukia bondeni, wakafa watu zaidi ya 30. Mola awarehemu. Taarifa za siku zile zilitaja breki. Lakini breki hushika gurudumu tu. Kinachoshika barabara ni tairi.

Ajabu ni kwamba kwenye lami kavu nakshi haina msaada. Magari ya mashindano hukimbilia matairi yasiyo na mchoro hata mmoja. Nakshi ni ya maji na matope. Mvua inaponyesha, mifereji ile huyapisha maji pembeni ili mpira uiguse lami; ikiwa imelika, maji hujikusanya mbele ya gurudumu, yakaliinua, na gari likaelea kama ngalawa. Hapo usukani na breki havina kazi tena.

Kila mchoro una maana yake. Mifereji iliyonyooka husaidia gari kufuata usukani. Ile yenye umbo la mshale hutaka kuzungukia upande mmoja tu, na alama yake huchapwa ubavuni. Meno makubwa ya magari ya shambani ni ya kuyauma matope. Hata vipande vya nakshi hutofautishwa ukubwa kwa makusudi, la sivyo tairi lingelia mlio mmoja wa kukera safari nzima.

Tairi jipya la gari dogo huwa na mifereji ya kina cha milimita 8 hivi. Ndani yake mna vinundu vidogo vyenye kimo cha milimita 1.6, uso wa tairi ukilingana navyo, limekwisha. Katika nchi za Ulaya hicho ndicho kiwango cha sheria.

Linalotuudhi zaidi ni tairi kipara linalochongwa upya kwa kisu cha moto. Yapo ya malori na mabasi yaliyotengenezwa kwa kuchongwa tena, nayo huandikwa hivyo ubavuni. La gari dogo halikukusudiwa: kisu hula mpira mchache uliobaki juu ya nyuzi, na mnunuzi huuziwa urembo mtupu.

Mwezi uliopita, mizigo ikipakiwa katika safari yetu ya Meru, mmoja wetu aliinama kulitazama gurudumu la mbele. Utingo alicheka. Dereva hakucheka, alishuka, akapitisha kidole mferejini, akaagiza libadilishwe. Tuliondoka tumechelewa saa nzima, na Chuka tuliikuta inanyesha.