Je, Wajua? Mvumbuzi Aliyeifuata Pua Morogoro

Je, wajua kwamba teknolojia ya Morogoro iliyozunguka dunia kuliko nyingine nyingi ina masharubu na hulipwa ndizi? Ni panya buku, yule yule anayemsumbua mkulima kwenye miteremko ya Uluguru, ambaye akikuta chakula hukijaza kwenye mifuko ya mashavuni na kukimbia nacho shimoni.

Aliyemwajiri si daktari wala askari. Bart Weetjens wa Antwerp, Ubelgiji, alisomea ubunifu wa bidhaa, na utotoni alifuga panya. Miaka ya 1990, wakati mabomu ya kutegwa ardhini yakiendelea kuwakata miguu wakulima wa Angola, Msumbiji na Kambodia, alitafuta njia ya kuyagundua ambayo wenyeji wangeimudu wenyewe, bila kusubiri mtambo wa bei mbaya kutoka ng'ambo. Aliposoma kwamba panya wa jangwani waliwahi kufunzwa kunusa baruti, alijua pa kuanzia. Mwaka 1997, kwa fedha za serikali ya Ubelgiji, likazaliwa shirika la APOPO. Halitafuti faida.

Je, wajua kwa nini buku? Profesa Ron Verhagen, bingwa wa panya wa Chuo Kikuu cha Antwerp, ndiye aliyempendekeza. Panya wa kawaida hata miaka mitatu hamalizi, lakini buku akitunzwa hufika minane hivi. Kwa kuwa mafunzo huchukua miezi kama tisa, umri huo ni mtaji. Tena ni mnyama wa Afrika, joto na magonjwa ya huku ameyazoea.

Mwaka 2000 Weetjens na mwenzake Christophe Cox waliihamishia kazi Morogoro, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, na Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi uliolijenga shirika. SUA palikuwa na wanasayansi, akiwemo Profesa Robert Machang'u, waliokwisha kumchunguza panya miaka mingi kwa sababu anamaliza mahindi ya watu. Wazo lilitoka Antwerp, lakini ujuzi wa kumlea mnyama, kumzalisha na kumfundisha kila asubuhi umekua mikononi mwa Watanzania. Habari za mwanzilishi huandikwa sana. Za wakufunzi hao, mara chache mno.

Je, wajua wanavyofundishwa? Kinyama kidogo huzoeshwa kwanza mlio wa kidude, klik, kwamba ukisikika chakula kipo. Baadaye mlio huo hutolewa pale tu anaponusa harufu sahihi. Uwanjani hufungwa mkanda kifuani na kutembea akifuata kamba iliyotandazwa baina ya watu wawili. Akinusa baruti hukwaruza udongo. Kwa uzito wa kilo moja na nusu hivi, halipui bomu.

Mashine ya kugundua chuma hulia hata kwa msumari na kizibo cha soda. Panya hajali chuma, anafuata baruti. Ndiyo maana eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi hulimaliza kwa nusu saa, ilhali mtu mwenye mashine anaweza kuchukua hadi siku nne.

Panya buku ni wa usiku, hivyo kazi huanza alfajiri, na masikio na mkia hupakwa mafuta ya kuzuia jua.

Msumbiji, jirani yetu ng'ambo ya Ruvuma, ilitangazwa huru dhidi ya mabomu hayo mwaka 2015. Panya wa Morogoro walikuwemo katika kazi hiyo.

Je, wajua kuhusu Magawa? Alizaliwa Morogoro mwaka 2013, akapelekwa Kambodia 2016, na huko akagundua zaidi ya mabomu na vilipuzi 100. Mwaka 2020 taasisi ya PDSA ya Uingereza ilimvisha nishani yake ya dhahabu. Hakuna panya aliyewahi kuipata kabla yake. Alistaafu 2021, akafa Januari 2022. Ronin, Mtanzania mwingine, amempita: mwaka 2025 aliingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness kwa mabomu 109 ya ardhini.

Lakini kazi inayotugusa zaidi ni kifua kikuu. Makohozi ya wagonjwa kutoka zahanati na hospitali, yakiwemo yale ambayo maabara imesema hayana kitu, huuawa vijidudu kwa joto kisha hupangwa mbele ya panya. Akisimamisha pua kwenye sampuli moja kwa sekunde tatu hivi, sampuli hiyo hurudiwa kupimwa kwa hadubini, na mgonjwa hutafutwa. Sampuli 100 huzimaliza kwa dakika 20. Dkt. Georgies Mgode wa SUA ni miongoni mwa waliochunguza ni harufu gani hasa panya anaifuata. Kila aliyekosewa na kipimo cha kwanza angerudi nyumbani akikohoa kando ya watoto wake. Kwangu mimi hakuna nishani inayozidi kumpata mtu huyo mapema.



Na je, wajua kwamba sasa wananusa magendo? Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kuwa wanatambua magamba ya kakakuona, pembe za ndovu na za faru, hata mpingo, vikiwa vimefichwa ndani ya vitu vingine. Wameshonewa vizibao vyekundu vyenye kigololi kifuani: panya akinusa magendo hukivuta kwa mikono, na mlio humfikia mkufunzi.