"Ana mawazo tu": Kariakoo na ugonjwa usiotajwa jina

Wadau, pita Mtaa wa Kongo jioni usikilize vijana wanavyoitana. "Oya chizi wangu!" Hapo chizi ni rafiki wa kufa na kuzikana. Lakini kijana huyo huyo akikaa wiki mbili halali, hali, hafungui meza yake, ataitwa chizi kwa maana ile nyingine. Wanaomwonea huruma watasema ana mawazo. Waliomchoka watasema apelekwe Mirembe, ile hospitali ya Dodoma ambayo jina lake limegeuzwa tusi.

Hili neno "mawazo" linasaidia sana. Mtu anasema anaumia bila kuitwa mgonjwa. Ubaya wake ni kwamba dawa ya mawazo, kwa akili za mtaani, ni kuacha kuwaza: jikaze, tafuta hela, oa. Sonona, jina la ugonjwa wenyewe, utalisikia redioni kuliko kwenye vijiwe vya kahawa.

Na sababu za mawazo Kariakoo hazikosekani. Julai 2021 soko kuu liliungua, watu wakapoteza mitaji usiku mmoja. Novemba 2024 ghorofa likaanguka na kuua zaidi ya watu 20. Ongeza mikopo ya kausha damu, kodi ya fremu na ndugu kijijini wanaosubiri utume chochote kwa simu. Machinga wa miaka 22 akisema amechoka, anaambiwa mwanaume halii. Haya, akaanguke wapi?

Kuna na suala la posa. Kabla ya kukubali, wazee huchunguza ukoo: kuna wazimu? kuna kifafa? Mgonjwa mmoja anaweza kuwaharibia dada zake wote. Ndiyo maana wengine hufichwa chumba cha uani, na safari ya kwanza mara nyingi si hospitali. Ni kwa sheikh kwa kisomo na kombe, kwa mchungaji kwa maombi, au kwa mganga. Ukisema ni jini, kosa si la mgonjwa wala la ukoo. Jini limetumwa, au limempenda tu. Tuseme ukweli, maelezo hayo yana utu kuliko neno kichaa.

Watafiti waliolinganisha wagonjwa wa zahanati na wa waganga hapa Dar, wakachapisha matokeo mwaka 2003, walikuta matatizo ya akili ya kawaida, kama sonona na wasiwasi, kwa asilimia 48 ya waliokuwa kwa waganga na asilimia 24 ya waliokuwa zahanati. Yaani wagonjwa wapo, foleni yao ndiyo iko kwingine. Mimi simlaumu anayeanza kwa sheikh. Ninachogombana nacho ni kumfunga mtu kamba au kumwachisha vidonge.

Halafu sheria nayo. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinamfanya aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Kenya, Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha aina hiyo Januari 2025. Sisi bado, kwa hiyo familia ina sababu ya kumdanganya daktari kwamba kijana alikunywa sumu kwa bahati mbaya, na daktari anatibu tumbo.

Kutoka Msimbazi hadi Muhimbili, kwenye madaktari wa afya ya akili, hazifiki kilomita 3. Wadau mlioko sokoni, jirani wa meza akianza kunyamaza nyinyi mnamwambiaje?