Njia ya Maji Inayokomea Mpakani mwa Kitui

Kila Desemba mabasi ya kutoka Nairobi kwenda Mwingi, Kitui, Wote na Kibwezi huondoka yamejaa pomoni. Ni msimu wa watu kurudi nyumbani, na ni msimu uleule ambao mito ya Ukambani hushuka kwa kishindo. Mvua za vuli, ambazo mkulima wa huku huzitegemea kuliko za masika, zinakuwa zimeshika. Mto uliokuwa mchanga mtupu, ng'ombe wakinyweshwa kwenye visima vilivyochimbwa katikati yake, hujaa maji mekundu kwa saa chache tu. Mara nyingi mvua yenyewe imenyesha mbali, huku kwenu jua likiwaka.

Huku maji hufunga njia; Pwani maji ndiyo njia ya nyumbani. Anayetoka Lamu kwenda Siyu, Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, hupanda mashua ya injini na kupita Mkanda, mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara. Mikoko imesimama pande zote mbili, na mawimbi ya bahari kuu hayafiki humo. Lakini Mkanda una masharti yake. Maji yakipwa, chombo kilichopakia hukwama kwenye tope, na nahodha asiyetaka kusubiri hana budi kuzunguka Manda kwa upande wa bahari wazi, ambako upepo wa kusi humfanya abiria akumbuke dua zote alizofundishwa chuoni. Ndiyo maana saa ya safari hupangwa na maji. Abiria analijua hilo, na akiambiwa asubiri, husubiri.

Kusini zaidi, karibu na Kipini, watu hawakutosheka kuyasubiri maji. Katika karne ya 19, enzi za masultani wa Witu, ulichimbwa mfereji wa Belezoni kuuunganisha Mto Tana na Mto Ozi, ili mitumbwi ya nafaka ifike Kipini bila kupitia baharini. Mfereji ule ukalika na kupanuka, hadi Tana yenyewe ikauacha mkondo wake wa zamani na kuufuata. Leo mto mrefu kuliko yote nchini unaingia baharini Kipini kwa sababu ya majembe ya watu.

Mto huohuo wa Tana ndio mpaka wetu wa kaskazini hapa Kitui, kule Mumoni na Tseikuru. Mwaka 1851 mmisionari Ludwig Krapf aliufikia akitokea Kitui pamoja na Kivoi, mkuu wa misafara ya Wakamba ambaye jina lake lilijulikana hadi Mombasa. Walivamiwa karibu na mto, Kivoi akauawa, na Krapf akakimbia peke yake. Alipoyafikia maji hakuwa na kibuyu. Alijaza kifuko cha ngozi cha darubini yake, kisha akajaza mitutu ya bunduki, akaiziba, akaanza kurudi Kitui kwa miguu, akitembea usiku. Miaka 40 baadaye, mwaka 1891, stima iliyoitwa Kenia ilipanda Tana kutoka Pwani hadi Hameye. Juu ya hapo kuna maporomoko na mawe, na chombo hakipiti. Njia ya maji inakomea pale ambapo Kitui inaanzia.

Athi nao, unaopita kati ya Makueni na Kitui, huenda kuungana na Tsavo, ukaitwa Galana, kisha Sabaki, na kumwaga tope letu jekundu kaskazini mwa Malindi. Udongo wa mashamba yetu hufika baharini, lakini wenye mashamba hushindwa kufika ng'ambo.

Siku ya Jumamosi, Desemba 4, 2021, basi lililobeba Wakatoliki, wengi wao wanakwaya, lilikuwa likielekea harusini upande wa Nuu, Kitui. Njiani, Mto Enziu ulikuwa umefurika na kukifunika kivuko cha saruji. Basi likaingia polepole, watu wakitazama kutoka ukingoni, likainama upande mmoja, likazama. Zaidi ya watu 30 walikufa, watoto wakiwemo. Kwaya iliyokuwa ikienda kuimba harusini ikageuka ya kuimbiwa mazishini. Hakuna mkazi wa Mwingi aliyesahau mchana ule, na haifai usahaulike kwingineko.

Tunapenda kusema dereva angesubiri. Ni kweli. Ila nahodha wa Lamu husubiri kwa sababu maji yake yana ratiba, na yeye anaijua. Dereva wa Kitui anasimama ukingoni bila kujua kama maji yanapanda au yanashuka, wala saruji iliyo chini yake kama bado ipo. Hana wa kumuuliza ila vijana wa pale, ambao wengine hulipwa kuwavusha watu mgongoni.

Hilo linaweza kurekebishwa kabla ya Novemba. Kila kivuko cha mto wa msimu, kuanzia Tiva hadi Kaiti na Thwake, kipate nguzo iliyopakwa rangi inayoonekana kutoka kwenye usukani: maji yakifika kwenye nyekundu, hakuna gari linaloingia. Chifu wa upande wa juu awe na nambari ya simu ya chifu wa upande wa chini, apige simu mto unapoanza kujaa. Kuwe na kizuizi cha kufungwa na mtu anayelipwa kukilinda usiku na mchana, hadi daraja lijengwe. Kaunti za Kitui na Makueni zina bajeti za barabara, na mabunge yao hukaa kuzijadili kabla ya Julai kila mwaka. Mwananchi anayo haki ya kwenda kwenye vikao vya maoni na kuuliza, kivuko kwa kivuko, ni kipi kimetengewa pesa na ni kipi hakimo.