Usione Vyaelea, Vimeundwa

Ukipita mbele ya vibanda vya mafundi wa cherehani hapa Gatina, Kawangware, utaona kuta zilizobandikwa picha za wanawake waliovalia magauni ya kila mtindo. Mteja huingia, akanyoosha kidole na kusema, "Nishonee kama hili." Wengine siku hizi huja na picha hiyo kwenye simu. Kisha huanza kuvuta bei chini, kana kwamba gauni limejishona lenyewe.

Wapo wanaowabeza mafundi hawa kwamba ni waigaji tu. Sikubaliani nao hata kidogo. Picha za mitindo zilichapishwa tangu awali ili ziigwe. Mjini Paris, baina ya mwaka 1778 na 1787, wachapishaji Esnauts na Rapilly walitoa mfululizo ulioitwa Galerie des Modes. Michoro ilichongwa kwenye mabamba ya shaba, ikapigwa chapa, na nyingi zikatiwa rangi kwa mkono. Baadaye likaja jarida la Journal des Dames et des Modes, lililodumu kuanzia 1797 hadi 1839. Bibi aliyekaa mbali na Paris alimpelekea mshonaji wake picha hizo. Picha haikuwa na vipimo. Fundi ndiye aliyekadiria kitambaa, akakata na kulikalisha vazi mwilini. Paris ilijipatia sifa kwa karatasi kama ilivyojipatia kwa sindano.

Hata hivyo, msomaji mpenzi, karatasi hiyo ilikuwa na upofu wake. Ilimwonyesha bibi, kofia yake, mwavuli wake na hata ncha ya kiatu chake. Mwaka 1912 lilipoanzishwa jarida la fahari la Gazette du Bon Ton, mbunifu wa vazi alitajwa, na mchoraji kama George Barbier alitia sahihi yake. Mshonaji, aliyeinama juu ya kitambaa kutwa nzima, hakutajwa.

Lakini asiyetajwa si kwamba hayupo. Mwezi Mei 1917, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimepamba moto, washonaji wanawake wa Paris waliweka sindano chini, wakaandamana barabarani. Walidai nyongeza ya mshahara na mapumziko ya Jumamosi alasiri bila kukatwa malipo. Tarehe 11 Juni mwaka huo huo, sheria ikawapa mapumziko hayo. Mji uliojivunia magauni ulilazimika kuwatazama waliyoyashona.

Fundi wa Gatina hana kiwanda cha kugomea. Mwajiri wake ni mimi na wewe. Analipa kodi ya kibanda, ananunua uzi na vifungo, na anashindana na nguo za mitumba ambazo mshonaji wake alikwisha kulipwa, vyema au vibaya, katika nchi za mbali. Tukimtaka ashone gauni jipya kwa bei ya kuukuu, tunamwambia kwamba kazi ya mikono yake haina thamani.

Nionavyo mimi, haki yaanza na mambo madogo: bei ikishakubaliwa isipunguzwe siku ya kuchukua nguo, na arbuni itolewe mapema. Nasi tuandikao magazetini, tunapochapisha picha ya gauni lililoshonwa hapa nchini, chini yake tuandike jina la fundi. Wino wa mstari mmoja hautatufilisi.